Muscadet: bei ilipaa, wanunuzi wakahama

Mvinyo mweupe wa Nantes una somo kwa mfanyabiashara. Faida yake iko kwenye lebo na kwenye sahani

WAFANYABIASHARA wa vinywaji wanaonunua mvinyo mweupe wa Ufaransa kwa ajili ya hoteli na migahawa hulikuta jina la Muscadet karibu na chini ya orodha ya bei, kwenye safu ya bidhaa za bei nafuu. Wengine huliruka wakidhani kuwa unafuu ni dalili ya udhaifu. Wengine huagiza makasha kadhaa kwa sababu ya unafuu huo huo, kisha hushangaa mteja anapoacha glasi nusu na kulalamika kuwa mvinyo hauna ladha.

Makundi yote mawili hupata hasara kwa sababu moja. Hayajui bei ya mvinyo huu inatengenezwa wapi, lebo yake inasema nini, wala unatakiwa kuuzwa pamoja na chakula gani. Mambo hayo matatu ndiyo yanayotenganisha chupa inayokaa dukani na chupa inayoondoka.

Aidha, historia ya Muscadet tangu mwaka 1991 inamhusu hata mfanyabiashara ambaye hatauza chupa moja ya mvinyo. Ni habari ya bidhaa iliyokuwa na soko la uhakika, ikapata uhaba wa ghafla, ikapandishwa bei, na ikapoteza wanunuzi ambao hawakurudi uhaba ulipokwisha.

UNAKOTOKA

Muscadet ni mvinyo mweupe mkavu, yaani usio na utamu wa sukari. Hutengenezwa kuzunguka mji wa Nantes, magharibi ya Ufaransa, pale mto Loire unapokaribia kuingia katika bahari ya Atlantiki. Kileo chake kwa kawaida ni karibu asilimia 12, kiasi kisicho kikubwa kwa mvinyo wa siku hizi.

Jina hilo si la mji, wala si la aina ya zabibu. Zabibu inayotumika huitwa Melon de Bourgogne, na kama jina linavyoonyesha, asili yake ni jimbo la Bourgogne, mashariki ya nchi hiyo. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa Melon ni ndugu wa Chardonnay, zabibu maarufu kuliko zote nyeupe za Ufaransa. Zote mbili zilizaliwa na zabibu za jamii ya Pinot na zabibu ya zamani iitwayo Gouais Blanc. Ndugu mmoja leo anauzwa kwa bei ya juu dunia nzima, mwingine anahesabiwa miongoni mwa vitu vya kawaida.

Hapa pana tahadhari ya kwanza kwa mnunuzi. Muscadet si Muscat, wala si Moscato. Hivyo viwili hutengenezwa kwa zabibu yenye harufu kali ya maua na mara nyingi huwa vitamu. Mteja aliyezoea Moscato akipewa Muscadet ataona ameuziwa maji ya ndimu. Kosa hilo hufanyika kwenye maagizo ya simu na kwenye orodha za migahawa zilizoandikwa kwa haraka, na gharama yake hubebwa na muuzaji.

Kwa nini Melon ilihamia pwani? Kuna sababu mbili, moja ya biashara na nyingine ya hali ya hewa. Katika karne ya 17 wafanyabiashara wa Uholanzi walifika bandari ya Nantes kutafuta mvinyo mweupe wa kukanekwa ili wapate pombe kali. Hawakuhitaji mvinyo wenye ladha nyingi. Walihitaji ujazo mkubwa kwa bei ndogo. Kisha majira ya baridi ya mwaka 1709, yaliyokuwa makali mno katika Ulaya, yaliua mizabibu mingi ya eneo hilo. Melon ilionekana kustahimili baridi kuliko nyingine, hivyo wakulima walipopanda upya waliipa nafasi kubwa.

Kwa hiyo tangu mwanzo zabibu hii ilichaguliwa kwa uhakika wa mavuno, si kwa sifa ya ladha. Jambo hilo limeufuata mvinyo wake hadi leo, na ndiyo sababu yake ya kwanza ya kuwa nafuu.

KAZI YA MASHAPO

Melon peke yake hutoa mvinyo mwepesi wenye uchachu mwingi na harufu ndogo. Watu wa Nantes walipata njia ya kuutia mwili bila kuutia katika mapipa mapya ya mti wa mwaloni, ambayo ni ghali. Njia hiyo ni kuuacha mvinyo ukae juu ya mashapo yake.

Zabibu zinapochacha, hamira hula sukari na kutoa kileo. Kazi ikiisha, hamira hufa na kuzama chini ya tangi. Katika sehemu nyingi mvinyo huhamishwa mapema ili kuutenga na uchafu huo. Huko Nantes huachwa humo humo kipindi chote cha baridi, mara nyingi ndani ya matangi ya saruji yaliyochimbiwa ardhini ambamo joto halibadilikibadiliki. Hamira iliyokufa huvunjika polepole na kutoa vitu vinavyoupa mvinyo unene kidogo mdomoni na harufu inayokumbusha unga wa mkate. Kwa kuwa mvinyo haukuhamishwa, hubaki na hewa kidogo ya ukaa inayouchangamsha ulimi.

Inasimuliwa huko kwamba desturi hii ilianza kwa familia kuweka kando pipa moja zuri kwa ajili ya harusi, na kugundua kuwa pipa lililoachwa bila kuguswa lilikuwa na ladha bora kuliko mengine.

Kwenye lebo njia hii huandikwa "sur lie", maana yake "juu ya mashapo". Maneno hayo hayaandikwi kwa kupenda. Sheria inataka mvinyo huo ukae juu ya mashapo yake baridi yote, na usitiwe chupani kabla ya tarehe 1 Machi ya mwaka unaofuata mavuno. Kwa mnunuzi wa kawaida, maneno hayo mawili ndiyo kipimo cha kwanza cha chupa.

APRILI 1991

Katika miaka ya 1970 na 1980 Muscadet ulipata soko kubwa nje ya Ufaransa, hasa Uingereza. Ulikuwa mkavu, ulitamkika bila shida, ulitoka Ufaransa na bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wa mtu wa kawaida. Sehemu kubwa ya biashara ilishikwa na makampuni ya jumla yaliyonunua mvinyo kwa wakulima kwa ujazo, yakauchanganya na kuutia chupani kwa majina yao. Mkulima aliangalia wingi, kwa sababu alilipwa kwa wingi.

Aprili 1991 jalidi, yaani umande unaoganda kuwa barafu, iliingia mashambani usiku wakati mizabibu imekwisha kuchipua. Chipukizi likiganda hufa, na lile linaloota baadaye halizai sana. Mavuno ya mwaka huo yalipungua mno.

Hesabu ya hasara ya namna hii ni rahisi, na inafaa ifanywe kwa mfano. Tuseme hekta moja inagharimu euro 6,000 kuitunza kwa mwaka. Ikitoa lita 5,000, mkulima anapata chupa 6,666 za mililita 750, na kila chupa inabeba senti 90 za gharama ya shamba. Jalidi ikiacha lita 2,000 tu, chupa ni 2,666 na kila moja inabeba euro 2.25. Gharama ya shamba haikuongezeka hata senti moja, lakini gharama ya chupa imezidi mara mbili. Mkulima hana budi kudai bei ya juu, na mwenye akiba ghalani naye hupandisha bei kwa sababu anajua hakuna mshindani.

Ndivyo ilivyokuwa. Bei ya Muscadet ilipaa. Maduka makubwa ya Uingereza, ambayo wateja wake walizoea kulipa bei fulani na si zaidi, yalitafuta mvinyo mwingine mweupe wa kujaza rafu. Wakati huo huo Australia na New Zealand zilikuwa zinaleta Chardonnay na Sauvignon Blanc zenye harufu ya wazi na jina la zabibu limeandikwa kwa herufi kubwa. Mteja aliyezikubali hakuona sababu ya kurudi nyuma.

Mavuno yalipotengemaa, Muscadet ulikuta nafasi yake imekaliwa. Bei iliporomoka. Wakulima wengi walijaribu kufidia bei ndogo kwa kuzalisha zaidi, jambo lililoongeza mvinyo hafifu sokoni na kuvunja jina lenyewe. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muscadet wa miaka hiyo ulitembezwa sana.

Pigo halikuishia hapo. Mwaka 2008 jalidi ilirudi, na katika kipindi hicho hicho Umoja wa Ulaya ulikuwa na mpango wa kuwalipa wakulima wang'oe mizabibu ili kupunguza mvinyo uliozidi. Wapo waliochukua malipo hayo na kuacha kazi. Eneo la mizabibu ya Muscadet, lililokuwa linakaribia hekta 13,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990, lilikuwa limeshuka chini ya hekta 9,000 ilipofika katikati ya miaka ya 2010. Kwa maneno mengine, takriban theluthi moja ya mashamba ilitoweka katika muda usiofikia umri wa mzabibu mmoja mzima.

Jalidi imepiga tena eneo hilo mwaka 2016, 2017, 2019 na 2021. Katika miaka ya namna hiyo mnunuzi asitegemee kuwa bei ya mwaka jana itadumu.

NGAZI ZA LEBO

Waliobaki mashambani walitambua kuwa hawawezi kushindana kwa unafuu peke yake. Walianza kuonyesha kuwa vijiji na udongo mbalimbali hutoa mvinyo wa sifa mbalimbali. Matokeo yake ni kwamba neno Muscadet leo lina ngazi, na mfanyabiashara asiyezijua atalipa bei ya ngazi moja na kupata nyingine.

Ngazi ya chini ni chupa iliyoandikwa "Muscadet" bila nyongeza. Huu ni mvinyo wa kunywewa mapema. Unafaa kwa mauzo ya glasi na kwa kupikia.

Ngazi ya pili ni ile yenye jina la eneo. Lililo kubwa ni Muscadet Sèvre-et-Maine, lililoitwa kwa mito ya Sèvre Nantaise na Maine. Jina hili lilipata hadhi ya kisheria mwaka 1936, na ndilo linalotoa sehemu kubwa ya Muscadet yote. Mengine ni Muscadet Coteaux de la Loire, la mwaka 1936 pia, na Muscadet Côtes de Grandlieu, lililotambuliwa mwaka 1994. Chupa ya Sèvre-et-Maine yenye maneno "sur lie" ndiyo bidhaa ya kati, na ndiyo inayofaa migahawa mingi.

Ngazi ya juu ni ya majina ya vijiji. Mwaka 2011 yalitambuliwa matatu ya kwanza: Clisson, Gorges na Le Pallet. Mwaka 2019 yaliongezwa mengine, yakiwemo Château-Thébaud, Goulaine, Monnières-Saint-Fiacre na Mouzillon-Tillières. Clisson husifika kwa udongo wa mwamba wa graniti. Gorges kwa mwamba mweusi wa gabro. Mvinyo wa ngazi hii hutokana na mavuno madogo zaidi kwa hekta na hukaa juu ya mashapo kwa muda mrefu. Kwa Clisson na Gorges muda huo ni angalau miezi 24.

Hapa pana jambo linalowachanganya wanunuzi. Maneno "sur lie" yana tarehe ya mwisho ya kutia mvinyo chupani pia. Mvinyo uliokaa miezi 24 au zaidi umeipita tarehe hiyo, hivyo lebo yake inaweza kukosa maneno hayo ingawa umekaa juu ya mashapo kuliko wenzake. Mwenye duka anayekataa chupa ya Clisson kwa kuwa haina "sur lie" anakuwa ameikataa ile iliyo bora.

GHARAMA YA KUFIKISHA

Kwa mfanyabiashara anayeagiza kutoka nje, ngazi hizi zina maana ya fedha. Nauli ya meli, bima, upakuaji na usafiri wa ndani ni sawa kwa chupa ya bei ndogo na ya bei kubwa. Palipo na ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa ujazo, nao ni sawa.

Tuchukue mfano kwamba gharama hizo zote ni euro 4 kwa chupa. Muscadet wa kawaida wa euro 3 utafika ghalani kwa euro 7. Wa kijiji wa euro 6 utafika kwa euro 10. Thamani ya mvinyo wenyewe ni mara mbili, lakini gharama ya kufikisha chupa ghalani imeongezeka kwa asilimia 43 tu. Ushuru wa forodha na kodi zinazotozwa kwa asilimia zitapunguza tofauti hiyo, hata hivyo hazitaifuta. Kwa sababu hiyo, katika nchi zenye gharama kubwa za kuagiza, chupa ya bei ya chini kabisa ndiyo ambayo mteja wake hulipia zaidi usafiri na ushuru kuliko kinywaji.

Ushuru nao hubadilika ghafla. Oktoba 2019 Marekani ilitoza asilimia 25 ya ziada kwa mivinyo mingi ya Ufaransa kutokana na mgogoro wa biashara ya ndege, ambao haukuwa na uhusiano wowote na mizabibu. Ushuru huo ulisimamishwa Machi 2021. Wakulima wa Nantes walijifunza kwa mara nyingine kuwa soko moja kubwa ni hatari kama jalidi.

CHAKULA CHAKE

Muscadet hauuzwi vizuri ukiwa peke yake. Anayeuonja bila chakula huona uchachu na chumvi kidogo, basi. Ukipewa chakula kinachoufaa, uchachu huo hufanya kazi ya ndimu, na mteja huagiza glasi ya pili. Kanuni inayosaidia wahudumu kukumbuka ni hii: chakula ambacho mpishi angekikamulia ndimu kinaweza kuliwa na Muscadet.

Cha kwanza ni chaza wabichi, wanaofugwa kwa wingi katika pwani ya Atlantiki ya Ufaransa, ikiwemo ghuba ya Bourgneuf iliyo karibu na Nantes. Chaza ana chumvi ya bahari na utamu mdogo. Mvinyo mzito wenye ladha ya mwaloni humfunika; Muscadet huisafisha chumvi na kuuacha utamu.

Sababu moja ya mivinyo mingine kuharibu ladha ya vitu vya bahari imechunguzwa. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa madini ya chuma ndani ya mvinyo, yakikutana na mafuta ya vitu vya bahari, huleta ile shombo inayobaki mdomoni. Mvinyo wenye chuma kingi ndio uliokosana na samaki. Mivinyo myekundu mingi ina chuma kuliko myeupe, ingawa si yote.

Cha pili ni kome wanaopikwa kwa mvuke. Vitunguu vidogo hukatwakatwa na kutiwa sufuriani pamoja na siagi, kikombe cha Muscadet na majani ya kitimiri. Kome humwagwa juu, sufuria hufunikwa, na baada ya dakika chache magamba hufunguka. Mvinyo ule ule uliotiwa sufuriani ndio unaowekwa mezani. Kwa mgahawa hii ni njia ya kutumia chupa iliyofunguliwa jana.

Cha tatu ndicho fahari ya Nantes: samaki wa mtoni na mchuzi mweupe wa siagi uitwao "beurre blanc". Sifa ya kuubuni hupewa mpishi Clémence Lefeuvre, aliyekuwa na mgahawa kando ya mto Loire karibu na Nantes mwishoni mwa karne ya 19. Vitunguu vidogo huchemshwa katika siki na mvinyo mweupe hadi maji yakaribie kukauka, kisha siagi baridi hutiwa vipande vipande huku ikikorogwa juu ya moto mdogo sana. Moto ukizidi, siagi hujitenga na mchuzi kuharibika. Siagi ni nzito, na hapa uchachu wa Muscadet huukata uzito huo mdomoni. Kwa sahani hii chupa ya kijiji, iliyokaa muda mrefu juu ya mashapo, hustahili bei yake.

Dagaa wakubwa wa baharini waliochomwa juu ya makaa na kunyunyizwa chumvi ni chakula kingine cha pwani hiyo. Chumvi yenyewe hutoka jirani, katika mabwawa ya Guérande, ambako maji ya bahari hukaushwa kwa jua na upepo. Jibini la mbuzi lisilokomaa sana nalo huenda vizuri, kwa kuwa lina uchachu wake. Wenyeji wana jibini lao la maziwa ya ng'ombe liitwalo Curé Nantais, lenye harufu ya kutosha. Hilo huhitaji Muscadet wenye mwili.

Chupa za Clisson au Gorges zilizokaa miaka mitano au zaidi huweza kubeba kuku wa mchuzi wa malai na uyoga, au samaki mzito aliyeokwa. Hapo ndipo mteja anayedhani Muscadet ni wa chaza tu hushangaa.

MEZA ZA PWANI YA AFRIKA MASHARIKI

Kanuni ya ndimu haina mipaka. Katika hoteli za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, kamba wa kuchoma, ngisi wa kukaanga, pweza wa kuchemsha aliyekamuliwa ndimu na samaki mzima wa kukaanga ni vyakula vya kila siku kwenye orodha ya wageni. Vyote viko ndani ya kanuni hiyo.

Tahadhari ni kwa vyakula vya nazi. Tui zito lina utamu, na utamu wa chakula huufanya mvinyo mkavu uonekane mkali na mwembamba. Kwa samaki wa kupaka mhudumu afadhali apendekeze mvinyo mweupe wenye utamu kidogo. Pilipili nyingi nayo haifai, kwa kuwa uchachu huongeza moto mdomoni. Nyama choma ya ng'ombe na mchuzi wa nyama huuzima Muscadet kabisa, na kwa vyakula vitamu vya mwisho wa mlo usitolewe.

Kwa upande wa mauzo ya glasi, chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita za mililita 125 au tano za mililita 150. Tofauti hiyo ya glasi moja mara nyingi ndiyo faida yote ya chupa, hivyo kipimo kiandikwe na kisimamiwe.

KALENDA NA GHALA

Mnunuzi wa Muscadet anafaa kufuata tarehe nne. Ya kwanza ni Aprili hadi katikati ya Mei, msimu wa hatari ya jalidi. Habari za usiku mmoja katika kipindi hicho hubadili bei ya mwaka unaofuata. Ya pili ni Septemba, msimu wa kawaida wa mavuno, wakati wingi wa mvinyo unapojulikana. Ya tatu ni tarehe 1 Machi, mvinyo wa "sur lie" unapoanza kutiwa chupani. Ya nne ni ile ya mfanyabiashara mwenyewe: siku ambayo akiba yake itakwisha. Anayeagiza akiba ikiwa imekwisha hana nguvu ya kupatana bei.

Muscadet mwepesi hauvumilii joto. Makasha yakiachwa juani bandarini, au ghala likiwa la bati lisilo na hewa, mvinyo huchoka na kupoteza uchangamfu kabla haujafika dukani. Mahali penye giza na ubaridi usiobadilika hutosha. Kwenye meza utolewe ukiwa wa nyuzi 8 hadi 10. Ukiwa baridi kupita hapo, mteja hataonja chochote.

MWEKEZAJI MDOGO

Wapo wanaouliza kama mvinyo huu ufaao kununuliwa na kuwekwa ili upande bei, kama inavyofanywa kwa mivinyo mikubwa ya Bordeaux na Bourgogne. Kwa chupa za ngazi ya chini na ya kati jibu ni hapana. Hazina wanunuzi wa mnada, na muda huzipunguzia thamani. Hii ni bidhaa ya mzunguko: inanunuliwa, inauzwa, fedha inarudi. Chupa za vijiji hudumu na huboreka, lakini soko la kuziuza tena zikiwa zimezeeka ni dogo. Anayeziweka aziweke kwa ajili ya orodha ya mgahawa wake.

Faida ya mwekezaji mdogo katika Muscadet iko kwenye pengo kati ya sifa ya jina na ubora wa kilichomo chupani. Jina bado limebeba lawama za miaka ya mvinyo hafifu, na bei inafuata jina. Mwenye kujua ngazi za lebo hununua ubora wa leo kwa bei ya lawama za zamani. Pengo kama hilo huzibika wanunuzi wengi wanapoligundua, na jalidi moja huweza kuliziba mapema zaidi.

Ikitokea hivyo, muuzaji atakabiliwa na swali lile lile lililowakabili wenye ghala mwaka 1991: kupandisha bei mara moja na kuvuna faida ya msimu, au kugawana uhaba na wateja wake wa siku zote. Waliochagua la kwanza walipata fedha kwa mwaka mmoja au miwili. Baada ya hapo mizabibu iliwarudishia mavuno, lakini wateja walikuwa wamekwisha kuzoea duka la jirani.